Nchi ya Mvuke Mtamu

Ndoto hii ilinijia mchana, siku ambayo hasira ilinichosha kuliko jembe. Tangu asubuhi nilikuwa hospitali, wodi ya wanawake, nikimtazama Tusajigwe, binti wa kaka yangu, akivuta hewa kama mtu anayevuta ndoo nzito kutoka kisimani. Ana miaka kumi na saba. Katika bendi ya matarumbeta ya usharika wetu kule Rungwe, bendi ninayoifundisha mimi, yeye ndiye aliyekuwa akiongoza nyimbo, na watu waliomsikia kwenye harusi na mazishi walizoea kusema kuwa binti yule amepewa mapafu ya wanaume wawili. Jumapili iliyopita, katikati ya wimbo, alishusha tarumbeta, akashika kifua, akakaa chini kwenye nyasi mbele ya waumini wote. Tulidhani ni malaria. Kisha tukadhani ni nimonia. Asubuhi ile daktari alituita pembeni, kaka Ambakisye na mimi, akafungua kiganja chake na kutuonyesha kitu ambacho muuguzi alikikuta chini ya mto wa mgonjwa: kijiti cha plastiki ya rangi ya waridi, kinene kidogo kuliko kalamu, chenye picha ya embe ubavuni. Mimi nilidhani ni manukato.

"Ni sigara ya umeme," daktari alisema. "Wenyewe huiita vepu. Ndani yake mna maji yenye nikotini na ladha za kutengeneza. Betri inayachemsha, mtoto anavuta ule mvuke. Amekuwa akivuta kwa miezi mingi, amekiri mwenyewe. Mapafu yake yamevimba, na moyo wake unakwenda mbio hata akiwa amelala."

Kaka yangu alimgeuzia daktari mgongo. Alirudi kitandani, akasimama kando ya binti yake, akamwambia kwa sauti ya chini ambayo ilinitisha kuliko kelele, "Ukitoka hapa, bendi basi. Shule basi. Utakwenda kulima kwa bibi yako mpaka akili ikurudie." Tusajigwe aligeukia ukuta. Sikumtetea, kwa maana moyoni nami nilikuwa nikimwuliza mtoto yule ni nini alichokikosa kwetu hata akaenda kukivuta kwenye kijiti.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilipita kwenye duka lililo karibu na geti la shule yake, duka la madaftari na soda, nikaviona vile vijiti vimesimamishwa ndani ya chupa ya kioo, jirani na pipi na bazoka za kutafuna. Nilimwuliza muuzaji, kijana mwenye adabu zake, kama anajua anachowauzia watoto. Alitabasamu kama anayemwelimisha mama yake. "Mama, hiyo siyo sigara. Haina moshi, haina jivu. Ni mvuke tu. Hata sufuria lako nyumbani linatoa mvuke." Nami, mwalimu wa watu kwa miaka yote hii, nilimwachia chupa yake nikaenda zangu. Nilifika nyumbani, nikakaa kwenye kiti karibu na dirisha, kitenge bado kiko begani, jua likinipiga magotini. Nilifumba macho nitafute maneno ambayo ningepaswa kumwambia yule kijana. Badala ya maneno ulikuja usingizi.

Nikajiona nimesimama kwenye tambarare nyeupe isiyo na mwisho. Weupe ule haukuwa ukungu wetu wa milimani, unaokuja na baridi na harufu ya majani ya chai. Huu ulikuwa wa vuguvugu, ukinata kwenye ngozi kama maji ya sukari, na ulinukia embe, zabibu, stroberi na mnanaa, ilhali kila nilipotazama sikuona mti hata mmoja wa kuzaa tunda lolote. Hakukuwa na ndege. Nilianza kumwita Tusajigwe, na kila nilipofungua kinywa weupe uliingia na kunikwaruza kooni, mtamu mwanzoni, kisha mchungu. Ndipo alipotokea mwanamke mwembamba aliyejifunga kanga ya kijivu, mkono mmoja ameuweka kifuani, akitembea hatua chache na kupumzika, akitembea na kupumzika.

"Usipige kelele, Atupele," aliniambia. "Utanimaliza. Mimi ni Pumzi. Nilikuwa nawe ulipolia mara ya kwanza mikononi mwa mkunga, na nitakuwa wa mwisho kuagana nawe. Najua unayemtafuta. Nami namtafuta, maana nilikuwa naishi kwake, katika nyumba kubwa yenye madirisha wazi, na sasa nimefukuzwa chumba baada ya chumba. Twende pamoja, ila uende mwendo wangu."

Tulikwenda mwendo wake hata tukafika kwenye lango la mji mmoja. Hapakuwa na askari wala kufuli. Alisimama msichana mzuri kupita kiasi, amevaa rangi zote za maua, na mkononi ameshika kapu la vijiti vinavyong'aa. Watoto walikuwa wamemzunguka, wengine bado na sare za shule, naye aliwagawia huku akiwaita kwa majina ya kubembeleza. Nilipomkaribia alininyooshea kimoja, kisha akanitazama usoni, akakirudisha kapuni.

"Mbona umekirudisha?" nilimwuliza.

"Samahani, mama," alisema, na kwa kweli hakuwa na ubaya machoni. "Naitwa Ladha. Mimi sikuwekwa kwa ajili ya watu wazima. Mtu mzima aliyezoea tumbaku haji hapa kwa sababu ya harufu ya pipi. Bwana wangu aliponiajiri aliniambia maji yale yenyewe hukwaruza koo, na mtoto akiyavuta matupu atakohoa, atatupa, hatarudi. Akaniambia, 'Wewe kazi yako ni kumfanya arudi.' Basi mimi nasimama langoni. Yanayotokea ndani siyajui."

Pumzi alinishika kiwiko, kwa kuwa aliona nimekunja ngumi. "Huyu ametumwa," alisema. "Alizaliwa aupambe mchuzi na matunda, naye amekodishwa kuificha sumu. Usimalizie nguvu zako langoni."

Ndani ya mji barabara zilikuwa laini, na kila barabara iliteremka. Hatukuona hata moja inayopanda. Zote ziliishia kwenye jumba moja pana, na mlangoni tulipokewa na mzee mkunjufu, mnene, mwenye sauti ya babu anayewapenda wajukuu. Alitukaribisha ndani. Niliona kwamba jumba lile lilikuwa mkusanyiko wa nyumba nyingi ndogo, na kila nyumba ilikuwa ya kijana mmoja, nayo haijamalizika kujengwa: matofali yangali na unyevu, lipu mbichi, madirisha bado hayajatiwa fremu. Katika kila nyumba mzee yule aliingia bila kubisha hodi, akakandamiza kiganja chake kwenye lipu, akaacha alama, akatoka. Halafu alimfunga mwenye nyumba uzi mkononi, mwembamba kama wa buibui, na kijana alicheka kwa sababu haukuwa na uzito.

"Mimi ni Mazoea," alinieleza, kama fundi anayejivunia kazi yake. "Mzee mwenzangu akinijia huwa nahangaika, kuta zake zimekwisha kukauka. Hawa ndio ninaowapenda. Akili ya kijana ni nyumba inayojengwa mpaka avuke miaka ishirini na kitu. Nikiweka kiganja changu sasa, ukuta unakauka na alama yangu ndani. Atakapokosa usingizi, atakapokuwa na hofu ya mtihani, atakapogombana na baba yake, ataitafuta alama ile ukutani kabla hajamtafuta mtu yeyote."

"Na nyuzi?"

"Kila anapovuta, naongeza mmoja. Siwalazimishi, mama. Wenyewe hunyoosha mkono."

Ndipo nikamwona Tusajigwe. Alikuwa amekaa kwenye kona ya nyumba yake mbichi, magoti kifuani, na nyuzi za mkono wake zilikuwa nyingi hata zimekuwa kamba nene iliyopanda mpaka kwenye dari. Nilikimbia, nikaishika kamba kwa mikono miwili, nikavuta kwa nguvu zangu zote. Ilikaza. Ilimkata ngozi, naye akalia, "Shangazi, unaniumiza." Sikuacha. Nilivuta na huku nikimwambia maneno yote niliyokuwa nimeyafungia kifuani tangu asubuhi: kwamba amejitakia mwenyewe, kwamba amewaaibisha wazazi, kwamba amechezea kipaji ambacho wengine wanakililia. Kadiri nilivyosema, ndivyo uso wake ulivyojificha magotini, na ndivyo mkono wake mwingine ulivyopapasa sakafuni ukitafuta kijiti.

Mazoea alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza kwa raha. "Endelea, mama," alisema. "Anayetukanwa kwao hunirudia upesi."

Mikono yangu ilikufa ganzi. Niliiachia ile kamba. Pumzi, aliyekuwa amejikokota nyuma yangu, alikaa kizingitini na kungoja mpaka kifua chake kitulie, kisha akasema taratibu, "Atupele, hasira yako ni ya haki. Sitakwambia uizime. Lakini umeipeleka kwenye nyumba isiyo yake. Njoo nikuonyeshe mwenye mji."

Tulipanda ngazi za nyuma mpaka kwenye ukumbi wa juu. Mlangoni tulimkuta bwana mmoja aliyevaa koti zuri jeupe, refu, ambalo mabega yake yalikuwa mapana kuliko yeye. Nilitambua kuwa si lake kabla sijaambiwa. Aliinama kwa heshima. "Mkitaka maelezo ya kitaalamu, niulizeni mimi. Mvutaji sugu wa tumbaku akiiacha kabisa sigara ya moto na kushika hii ya umeme, hupunguza sumu nyingi anazoingiza mwilini. Hilo limechunguzwa. Kwa hiyo mama, hii ni habari njema ya afya."

"Huyu ni Nusu-Kweli," Pumzi aliniambia, "na koti ni la Ukweli, aliliiba. Alichosema si uongo. Bwana, sema na nusu iliyobaki."

Nusu-Kweli alisafisha koo. Alitazama viatu vyake. Alisema kwamba uchunguzi bado unaendelea, na kwamba siyo vyema kutia watu hofu.

"Basi nitaisema mimi," Pumzi alisema, naye alisimama wima kwa mara ya kwanza. "Binti aliye chini hakuwa mvutaji wa tumbaku. Hakuna alichokihama. Alitoka kwenye hewa safi akaja hapa. Na mnaouita mvuke si mvuke wa sufuria. Waya wa ndani yake unapopata moto humwaga chembe za madini ya nikeli na risasi. Maji yale yakiungua huzaa kemikali ndugu ya ile inayohifadhia maiti. Vumbi lake ni dogo hata linapita mahali ambapo hata mimi hupita kwa kunyata, likakaa. Nikotini yake hubana mishipa na kuupiga moyo mijeledi. Na yatakayowapata hawa wakifika umri wa wazazi wao, bwana, hujui wewe wala sijui mimi, kwa sababu bado hawajafika. Mnawatumia wao kujua."

Lile neno la mwisho lilinifungulia mlango moyoni. Niliusukuma mlango wa ukumbi na kuingia.

Nilikuwa nimejitayarisha kukutana na zimwi. Nilimkuta mtu nadhifu, mikono yake misafi, kucha zimekatwa vizuri, amekaa mezani akinywa maji. Madirisha yote ya ukumbi ule yalikuwa yamezibwa ili weupe wa chini usipande, na kwa bomba refu lililopita darini alikuwa akiletewa hewa kutoka mlimani. Niliivuta ile hewa, nikaijua. Ilikuwa hewa ya nyumbani kwetu. Huyu ndiye aliyekuwa akimiliki barabara, lango na jumba, na jina lake lilikuwa Faida.

"Karibu, mama," alisema. "Kama ni malalamiko, yaache kwa yule bwana wa mlangoni."

"Una watoto?" nilimwuliza.

"Ninao. Mungu amenijalia."

"Wanavuta?"

Alinitazama kama nimemtusi. "Watoto wangu? Hapana, mama. Mapafu ya watoto ni laini."

Nilisogea mpaka mezani kwake. Sauti iliyonitoka haikuwa ya kufoka. "Basi unajua," nilimwambia. "Nilikuja nikidhani hujui. Nilikuwa tayari kukueleza, kama ninavyomweleza mwanafunzi aliyekosea noti. Unajua kwamba ni laini, na ndiyo maana umemweka msichana wa maua langoni. Umechora embe kwenye sumu. Umeipa umbo la kalamu ili ikae kwenye mkoba wa shule mwalimu asiione. Umeiweka jirani na pipi, kimo cha macho ya mtoto. Halafu mtoto akianguka, unatuachia sisi tumwulize kwa nini hana akili. Wewe unavuta hewa ya mlima wetu, na binti yetu anavuta taka za waya wako. Nani kati yenu wawili aliyekosa adabu?"

Faida aliweka bilauri chini, bila haraka. "Sikumshika mkono. Alichagua mwenyewe."

"Alichagua embe," nilisema. "Hakuna aliyemwonyesha kilichokuwa nyuma ya embe."

Alinitazama kitambo, na kwa kweli nadhani alinionea huruma. "Mama, hasira kama yako nimezipokea nyingi ukumbini humu. Zote ni nzuri. Huja asubuhi, jioni zimepoa, wenyewe wamekwenda kuwachapa watoto wao. Mimi husubiri tu."

Sikuwahi kuambiwa neno lililoniuma kama lile. Niligeuka kumtazama Pumzi, naye alitikisa kichwa. "Hapo hakukudanganya," alisema. "Hasira ni maji, Atupele. Ukiimwaga uani, jua linaikausha kabla hujageuka. Ichimbie mfereji ifike shambani. Anayemwogopa huyu bwana si mtu wa kelele, ni mtu wa kurudi: leo, kesho, na keshokutwa, akiwa na wenzake, akiuliza swali lile lile. Lakini kwanza kuna mtu anakungoja chini."

Tulishuka. Tusajigwe alikuwa pale pale kwenye kona. Safari hii sikuigusa kamba. Nilikaa sakafuni ubavuni mwake, nikamwuliza Pumzi jinsi ya kuikata.

"Haikatwi," alijibu. "Na mtu mwingine hawezi kuifungua. Hufunguliwa na mwenye mkono, uzi kwa uzi, lakini mkono mmoja haufungui fundo. Unahitaji kidole cha pili cha kushikilia."

Kwa hiyo niliweka kidole changu juu ya fundo la kwanza, nikasema, "Nimelishika, mwanangu. Vuta polepole." Alitazama kidole changu, kisha uso wangu, akitafuta lile neno kali. Hakulikuta. Alianza kuvuta. Uzi ule wa kwanza ulipotoka alitetemeka mwili mzima, jasho likamtoka, meno yakagongana, akaniambia amebadili nia, hawezi, nimrudishie kijiti. Nikamwambia nipo. Akanitukana. Nikamwambia nipo. Akashika fundo la pili. Mlangoni niliona uso wa Mazoea, ambao haukuwa umeacha kutabasamu tangu tulipokutana, ukikunjamana kwa mara ya kwanza. Naye Pumzi akasogea, akapapasa ukuta wa chumba kilichofungwa, kimoja cha vile alivyofukuzwa, akaweka sikio.

"Vitafunguka vyote?" nilimwuliza.

"Sijui," alisema. "Amepata msaada mapema, na mwili wa kijana husamehe mengi. Nimewahi kuona vyumba vikifunguka ambavyo nilikuwa nimeviaga. Siwezi kukuapia. Shikilia fundo."

Nikaamka kidole changu kimebana mkono wa kiti hata kimepauka. Jua lilikuwa bado halijaondoka dirishani. Nilisubiri ndoto inikimbie kama ndoto zinavyokimbia, lakini haikwenda. Nililiona jambo lote wazi kama uwanja: kwamba tangu asubuhi kaka yangu na mimi tulikuwa watumishi wa yule bwana wa ukumbini bila mshahara, tukimfanyia kazi yake ya mwisho, ile ya kumwaibisha mtoto mpaka asiwe na pengine pa kwenda isipokuwa kwa Mazoea. Na niliona kwamba hasira yangu haikuwa na kosa lolote ila anwani.

Nikajifunga kitenge vizuri. Kabla ya kwenda hospitali nilipita kwa mwenyekiti wa kamati ya shule nikamtaka aitishe mkutano wa wazazi. Aliponiambia tusubiri mwisho wa muhula nilimjibu kwamba nitarudi kesho kumwuliza tena, na keshokutwa. Alinitazama akaona sitanii. Alisema Jumamosi.

Nilimkuta kaka Ambakisye amekaa kwenye benchi nje ya wodi, kofia mikononi. Nilikaa karibu naye nikamwambia, "Kaka, mtoto ana ugonjwa. Tumemhukumu kama mwizi."

"Dada, alinidanganya miezi yote hiyo," alisema. "Machoni pangu."

"Alidanganywa kwanza, na watu wazima. Ukimpeleka kwa mama kule shambani, nani atakaa naye usiku ikimjia ile hamu? Mama hajui hata jina la kitu chenyewe."

Alibaki akiizungusha kofia yake. Niliingia peke yangu. Tusajigwe alikuwa macho, mabega yakitetemeka chini ya blanketi, na midomo yake ilikuwa imekauka. Aliponiona alianza kugeukia ukuta, kisha akaacha, kama mtu aliyechoka hata kujificha.

"Shangazi," alisema, akipumua kati ya neno na neno, "nikikwambia kitu utamwambia baba?"

"Sema."

"Bado naitaka. Hata sasa hivi. Najua imenifanya nini, daktari kanionyesha picha, na bado naitaka. Nina kichaa?"

"Huna kichaa," nilimwambia. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikauchukua mkono wake, uliokuwa baridi na wenye jasho. "Kitu hicho kimetengenezwa hivyo, ili ukitake. Walioitengeneza hamu hiyo wana akili kuliko mimi na wewe, na nitawafuata huko waliko. Wewe kazi yako ni moja. Kila ikikujia, niambie. Usiku, mchana, nikiwa nakula, nikiwa kanisani. Usiifiche."

"Na kama nitashindwa?"

"Utaniambia na hilo."

Alilia, kilio kifupi kwa sababu kifua hakikumruhusu kirefu. Nyuma yangu nilisikia miguu ya stuli ikikwaruza sakafu. Kaka yangu alikuwa ameingia, sijui amesikia kuanzia wapi. Aliiweka stuli upande wa pili wa kitanda, akakaa, akahangaika kidogo na mikono yake mikubwa ya mkulima kama hajui pa kuiweka, kisha akaushika mkono wa bintiye uliobaki.

"Imekuja sasa hivi?" alimwuliza.

"Ndiyo, baba."

"Haya," alisema. "Basi tukae nayo mpaka ipite."